Leseni ya CPA Marekani: mtihani mmoja, bodi 55

Tangu mwaka 2025, majimbo kadhaa ya Marekani yalipoanza kurekebisha sheria zao za uhasibu, kuna kauli kuhusu masomo yanayodaiwa kwa leseni ya uhasibu ya huko, CPA, inayopita mdomo kwa mdomo miongoni mwa wahasibu wetu walioko huko na wale wanaofunga mizigo: "Saa 150 zimefutwa, siku hizi digrii moja inatosha." Si uongo mtupu. Aliyeko Ohio akiisema ana hoja. Lakini aliyeko katika jimbo ambalo halijagusa sheria yake, akaiamini na kuacha kusoma krediti za ziada, anaweza kufaulu karatasi zote nne za mtihani halafu bodi ikamwambia arudi darasani. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaitafuta sheria ya Marekani kuhusu leseni ya uhasibu, na sheria hiyo haipo. Zilizopo ni sheria za majimbo.

Tuanze na maneno yenyewe. Kufanya kazi ya uhasibu Marekani hakuhitaji leseni. Unaweza kuandika vitabu vya duka, kuandaa mishahara, kufunga hesabu za mwezi, hata kuwa mkuu wa fedha wa kampuni kubwa, bila serikali kukuomba karatasi yoyote. CPA ni mtu aliyepewa leseni na bodi ya uhasibu ya jimbo fulani, na cheo hicho kinalindwa na sheria. Kazi iliyo yake peke yake ni kutia saini ripoti ya ukaguzi wa hesabu, ile inayoiambia benki au mwekezaji kwamba taarifa za fedha za kampuni zimekaguliwa na zinaaminika. Kazi nyingine nyingi anazozifanya CPA, watu wasio na leseni nao huzifanya kihalali. Waajiri huidai hata pasipo na ukaguzi kwa sababu ndicho kipimo cha haraka cha kujua nani amepitia tanuri.

Mazoea ya nyumbani ndiyo yanayotuchanganya. Tanzania, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, hutunga mtaala, hutahini na husajili. Kenya kazi hizo zimegawanywa: KASNEB hutahini, ICPAK husajili. Ila pande zote mbili chombo ni cha taifa, na aliyesajiliwa Dodoma haulizwi tena Mwanza.

Marekani ilikwenda njia nyingine. New York ilitunga sheria ya kwanza ya CPA mwaka 1896, majimbo mengine yakafuata kila moja kwa wakati wake, na leo kuna mamlaka 55 zinazotoa leseni: majimbo 50, Wilaya ya Columbia, Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin vya Marekani na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini. Fikiria leseni ya udereva ya huko huko: taa nyekundu ni nyekundu kila mahali, lakini kadi unapewa na jimbo lako, kwa ada na masharti yake.

Majina matatu utakayokutana nayo yasikupoteze. NASBA ni umoja wa bodi hizo. Hupokea maombi na kutunza rekodi za mtihani kwa niaba ya bodi nyingi. AICPA ni chama cha wahasibu wenyewe, nacho ndicho kinachotunga mtihani. Prometric ni kampuni yenye vyumba vya mtihani. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayetoa leseni. Mtu akijigamba kwamba "NASBA wamenikubalia", swali la kumuuliza ni kwa niaba ya jimbo gani.

Kila jimbo linadai vitu vitatu: elimu, mtihani, na uzoefu wa kazi. Mengi huongeza cha nne, jaribio la maadili. Kinachotofautiana ni kiasi, na kiasi ndicho chenye pesa.

Elimu, na hesabu inayowaangusha wengi

"Saa 150" zinazosemwa ni krediti za muhula. Krediti moja ni takriban saa moja ya darasa kila wiki kwa muhula wa wiki 15 hivi, na kozi ya kawaida huwa na krediti 3. Digrii ya kwanza ya Marekani ni krediti 120, kwa kawaida miaka minne. Kwa hiyo 150 ni digrii pamoja na kozi kumi zaidi.

Wapo wanaodhani kozi hizo kumi lazima ziwe shahada ya uzamili. Katika majimbo mengi si lazima. Bodi inachotazama ni jumla ya krediti, kisha ndani ya jumla hiyo inatafuta krediti maalumu za uhasibu na za biashara, mara nyingi kati ya 24 na 36 kwa kila kundi. Ukishazitimiza hizo, zilizobaki zinaweza kuwa historia, takwimu au lugha, na unaweza kuzisoma komyuniti koleji, vyuo vya miaka miwili, kwa ada ndogo kuliko ya chuo kikuu. Anayekopa makumi ya maelfu ya dola kwa uzamili kwa sababu ya krediti 30 peke yake, mara nyingi amenunua kitu ghali kuliko alichohitaji. Uzamili una faida zake, hasa kwa mgeni anayetafuta viza ya masomo na mlango wa kuajiriwa, lakini hiyo ni sababu nyingine.

Mtego wa komyuniti koleji ni ngazi ya kozi. Bodi nyingi hutaka kozi za uhasibu za ngazi ya juu, yaani zile za mwaka wa tatu na wa nne: uhasibu wa kati, ukaguzi, kodi. Utangulizi wa uhasibu hauhesabiwi, hata uwe umepata A. Texas inaongeza sharti lake: kozi ya maadili ya krediti 3 iliyoidhinishwa na bodi yenyewe. Kozi ya maadili ya biashara uliyosoma kwingine, hata iwe nzuri namna gani, kama haimo katika orodha yao haikusaidii.

Sasa tuje kwenye digrii ya nyumbani, maana hapa ndipo maombi mengi hukwama. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutaka shahada ya kwanza iwe na angalau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Mtu anaiona 360 kwenye transkripti, anaiona 150 kwenye masharti ya bodi, anafurahi. Vipimo hivyo viwili havifanani. Krediti ya TCU ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za kujisomea na kufanya mazoezi. Kanuni ya kawaida ya watathmini wa Marekani, wanaopima digrii za nje, ni kwamba mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni sawa na krediti 30 hivi za kwao. Miaka mitatu ya Mlimani au Mzumbe inakuwa karibu 90. Hapo umepungukiwa krediti 30 ili tu kuifikia digrii ya kwanza, na 60 ili kuzifikia zile 150.

Mkenya mwenye digrii ya miaka minne huanza na hali nafuu, kwa kuwa miaka minne inakaribia 120. Kwa Mtanzania kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni Kidato cha Sita: baadhi ya watathmini huyahesabu masomo hayo kama ya mwaka wa kwanza wa chuo, wengine hawayahesabu kabisa, kwa hiyo vyeti vile vile vinaweza kutoa majibu mawili kwa watathmini wawili. La pili ni uzamili uliousoma nyumbani au kwingineko. Huo kwa kawaida huingia kwenye hesabu na unaweza kuziba pengo lote.

Tathmini yenyewe ina utaratibu wake. Kila bodi inataja watathmini inaowakubali. Bodi nyingi hutumia kitengo cha NASBA kiitwacho NIES. Tathmini uliyoifanyia maombi ya chuo au karatasi za uhamiaji haifai hapa, kwa sababu bodi inataka kozi moja moja ichambuliwe, ijulikane ipi ni ukaguzi, ipi kodi, ipi sheria ya biashara. Usilipe tathmini kabla hujachagua jimbo. Ukilipia tathmini ya jimbo moja kisha ukahamia jingine, unaweza kuanza upya na kulipa upya.

Transkripti karibu kila mara lazima itoke chuoni moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa au kwa njia ya kielektroniki inayokubaliwa. Nakala uliyoibeba kwenye begi haitoshi. Ambaye bado yuko nyumbani na ana mpango wa kusafiri, afanye mambo mawili kabla ya kuondoka: ajue jina la ofisi na mtu wa masjala ya chuo anayeshughulikia transkripti za nje, na apate maelezo ya kozi alizosoma, yaani silabasi ya kila somo. Kozi yenye jina lisiloeleweka bila maelezo huwekwa kwenye kapu la "mengineyo", na krediti zake za uhasibu zinapotea.

Na CPA(T) au CPA(K), vyeti vya taaluma vya Tanzania na Kenya? Wengi huuliza kama kuna kubadilishana tu. Kuna mikataba ya kutambuana baina ya Marekani na vyombo vya nchi chache, zikiwemo Kanada, Australia, Ireland na Afrika Kusini, ambapo mhasibu mwenye sifa za huko husamehewa sehemu kubwa ya safari. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Mwenye CPA(T) anaanza kama mwombaji mwingine yeyote. Cheti chake kitamsaidia kupata kazi na kitamrahisishia kusoma, lakini bodi inahesabu krediti za chuo kikuu, na baraza la mitihani ya taaluma si chuo kikuu machoni pa bodi nyingi.

Bado kuna mtego mmoja katika elimu. Majimbo mengi yanakuruhusu kufanya mtihani ukiwa na krediti 120, ila leseni, kwa njia ya zamani, ukaipate ukiwa na 150. Ndiyo maana unamkuta mtu aliyefaulu mtihani wote na bado hawezi kujiita CPA. Akiandika herufi hizo kwenye kadi yake ya biashara anavunja sheria ya jimbo. Kuna sharti la kukaa kwenye mtihani na kuna sharti la leseni, na ni vizuri kuyasoma yote mawili siku moja.

Mtihani

Mtihani ni ule ule kutoka Alaska hadi Florida. Tangu Januari 2024 una karatasi nne: tatu za lazima na moja ya kuchagua. Za lazima ni AUD, inayohusu ukaguzi; FAR, inayohusu uandaaji wa taarifa za fedha; na REG, inayohusu kodi na sheria za biashara. Ya nne unachagua kati ya BAR, yenye uchambuzi na mambo mazito zaidi ya taarifa za fedha; ISC, ya mifumo ya habari na udhibiti wake; na TCP, ya kodi kwa kina. Uteuzi huo hauandikwi kwenye leseni wala hauzuii kazi yoyote. Aliyechagua TCP anaweza kufanya ukaguzi maisha yake yote. Ukifeli uliyochagua, unaruhusiwa kuhamia nyingine.

Kila karatasi ni saa nne. Nusu ni maswali ya kuchagua jibu, nusu ni mazoezi ya kazi, ambapo unapewa barua, mikataba, majedwali na ankara, uzichambue na kujaza majibu. ISC peke yake inaegemea zaidi kwenye maswali ya kuchagua, asilimia 60. FAR ina maswali 50 ya kuchagua na mazoezi 7. AUD ina 78 na 7. REG ina 72 na 8. Hakuna kukatwa alama kwa jibu baya, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kujinyima.

Alama ya kufaulu ni 75, na hii 75 si asilimia. Ni alama kwenye kipimo cha 0 hadi 99 kinachozingatia uzito wa maswali. Aliyepata 74 hajakosa swali moja tu kama anavyojifariji, na wala hakuna "kusahihishwa upya" kunakoweza kutegemewa kumvusha.

FAR ndiyo inayowaangusha wengi. Wanaofaulu ni karibu wanne kati ya kumi. Kwa mhasibu wa Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada: sisi tumelelewa na IFRS, kanuni za kimataifa za taarifa za fedha, na FAR inapima kanuni za Marekani. Tofauti si nyingi lakini zimekaa pale pale penye maswali. Marekani inaruhusu kuthamini stoku kwa LIFO, ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. IFRS imeipiga marufuku. IFRS inakuruhusu kupandisha thamani ya jengo au mtambo kwenye vitabu, Marekani hapana. Thamani ya mali ikishushwa kwa hasara ya kuporomoka, kwa IFRS unaweza kuirudisha hali ikitengemaa, isipokuwa thamani ya jina la biashara. Marekani, kwa mali unayoendelea kuitumia, iliyoshuka imeshuka. Gharama za kuendeleza bidhaa mpya, ambazo IFRS inaweza kuzitambua kama mali, huko kwa sehemu kubwa zinakwenda moja kwa moja kwenye matumizi. Mzoefu wa miaka kumi wa Dar es Salaam hujibu maswali haya haraka na kwa uhakika, na kukosea. Afadhali mwanafunzi asiyejua lolote, huyo atasoma.

REG nayo ni kodi ya serikali kuu ya Marekani. Ujuzi wa TRA au KRA hautakubeba mbali.

Ukifaulu karatasi ya kwanza, saa inaanza kuhesabu. Zamani ulikuwa na miezi 18 ya kumaliza nne zote, la sivyo ile ya kwanza inafutika. Baada ya kanuni ya mfano, ambayo majimbo huiiga, kurekebishwa mwaka 2023, majimbo mengi yamehamia miezi 30, na mengi huhesabu tangu siku matokeo yanapotoka. Soma kanuni ya jimbo lako, kwa kuwa hapa pia hawafanani. Kwa sababu hesabu inaanza na kufaulu, si na kufanya, ni busara kuanza na karatasi ngumu. Ukifeli FAR mara mbili kabla hujafaulu chochote, umepoteza ada, lakini saa haijaanza. Ukianza na nyepesi, unaikabili FAR huku muda ukikukimbia. Kisha zioanishe: BAR inaifuata FAR vizuri, TCP inaifuata REG wakati kodi ingali mbichi kichwani, ISC inakaa karibu na AUD. TCP ina kiwango kikubwa cha kufaulu na watu huikimbilia kwa sababu hiyo. Wakumbuke kwamba wengi wanaoifanya ni watu wanaoshinda na kodi kutwa.

Ada ya mtihani ni zaidi ya dola 250 kwa kila karatasi, na hapo hujanunua vitabu wala kozi ya maandalizi. Ukikubaliwa unapewa hati ya kupanga siku, NTS. Katika majimbo mengi huisha baada ya miezi 6, na ikiisha hujafanya mtihani, ada imekwenda. Usilipie karatasi nne kwa mkupuo kwa furaha ya kukubaliwa. Lipia unazoweza kuzifanya ndani ya muda huo.

Halafu kuna suala dogo la majina, dogo mpaka ulifikishe mlangoni kwa Prometric. Jina kwenye NTS lazima lilingane na kitambulisho. Wengi wetu tuna majina matatu, la babu likiwa limeandikwa kwenye cheti na kuachwa kwenye pasi, au Mohamed wa chuoni amekuwa Mohammed ubalozini. Lisahihishe wakati wa maombi. Siku ya mtihani hakuna maelezo yatakayosikilizwa, na ada hairudi.

Aliyeko Ghuba si lazima apande ndege kwenda Marekani. Mtihani hufanyika pia katika baadhi ya nchi za nje, Falme za Kiarabu zikiwemo, kwa ada ya ziada kwa kila karatasi, ilimradi bodi aliyoomba kupitia kwake inashiriki mpango huo. Uraia nao si sharti katika majimbo mengi. Namba ya Social Security ndiyo inayogawanya: baadhi ya bodi haziipokei fomu bila namba hiyo, nyingine huipokea. Kwa mtu aliye nje, jambo hili peke yake linaweza kuamua jimbo la kuanzia. Matokeo ya mtihani huhamishika, kwa hiyo unaweza kufanya mtihani kupitia jimbo moja na kuomba leseni kwingine, mradi utimize masharti ya huko unakoombea leseni.

Uzoefu, na saini ya nani

Kipimo cha kawaida ni mwaka mmoja, mara nyingi saa 2,000 za kazi. Watu huhangaika na wingi wa saa, na kumbe bodi inauliza kwanza nani atazithibitisha. Karibu kote anatakiwa awe CPA mwenye leseni hai, na katika majimbo mengi awe ndiye aliyekusimamia. Bosi wako anaweza kuwa mhasibu hodari wa miaka 20. Kama hana leseni, saini yake haina uzito. Kama alikuwa nayo akaiacha ilale, vivyo hivyo. Kwa bahati nzuri kila bodi ina ukurasa wa kutafuta leseni kwa jina, bure. Mtafute bosi wako hapo kabla hujakubali kazi, au siku ya kwanza kazini.

Kazi yenyewe lazima iwe ya uhasibu, kodi, ukaguzi au ushauri wa fedha. Kuingiza ankara kwenye kompyuta mwaka mzima kunaweza kukataliwa. Siku hizi bodi nyingi zinakubali uzoefu wa viwandani, serikalini na vyuoni, si wa ofisi za ukaguzi peke yake. California ina daraja mbili: leseni ya kawaida kwa mwaka mmoja wa uzoefu, na ile inayokuruhusu kutia saini ripoti za ukaguzi, ambayo inadai angalau saa 500 za kazi za ukaguzi ndani ya uzoefu huo. Miaka yako ya Nairobi au Arusha inaweza kuhesabiwa endapo uliyekuwa chini yake ana leseni ya Marekani, jambo ambalo kwa ofisi nyingi za kwetu halipo. New York kwa muda mrefu imekuwa na mlango wa pembeni: miaka 15 ya uzoefu unaokubalika badala ya masharti ya elimu. Ni wachache wanaoupitia, lakini unaonyesha jinsi majimbo yanavyotofautiana.

Jaribio la maadili ni jepesi kuliko sifa zake. Katika majimbo mengi ni kozi ya AICPA unayosoma nyumbani na kujibu kitabu kikiwa wazi, ila unahitaji asilimia 90. Texas na California wana majaribio yao ya sheria za jimbo. Fomu huwa inauliza pia kuhusu makosa ya jinai na adhabu za kitaaluma kokote uliko. Kilichowahi kutokea kikielezwa vizuri mara nyingi hupita, kikifichwa kikagunduliwa kinakuwa kosa jipya.

Basi saa 150 zimefutwa au hazijafutwa?

Kilichofanyika ni kuongezwa njia. Ohio ilipitisha sheria mapema mwaka 2025, ikianza kutumika 2026: mwenye digrii ya kwanza yenye masomo ya uhasibu, akafaulu mtihani na akawa na uzoefu wa miaka miwili badala ya mmoja, anapata leseni bila krediti 30 za ziada. Virginia ilifanya vivyo hivyo kuanzia 1 Januari 2026, na Texas iliweka tarehe ya Agosti 2026. Majimbo mengine yamefuata au yako njiani, kila moja kwa tarehe yake. Njia ya krediti 150 na mwaka mmoja bado ipo kwa anayeitaka.

Kwa hiyo unabadilishana mwaka wa darasani na mwaka wa kazini. Kwa mtu ambaye tayari ameajiriwa chini ya CPA, hiyo ni nafuu kubwa. Mwaka wa pili analipwa badala ya kulipa. Kwa asiye na wa kumsainia, mwaka wa ziada wa uzoefu unaweza kuwa mgumu kuupata kuliko kozi kumi. Na mwenye digrii ya miaka mitatu asishangilie mapema: sheria mpya inasema digrii ya kwanza, nayo ni ile itakayotambuliwa na mtathmini kuwa sawa na ya Marekani. Pengo la krediti 30 chini ya 120 bado ni lake.

Kama lengo lako ni kodi tu

Hapa kuna njia ambayo watu wetu huipita bila kuiona. Kuandaa marejesho ya kodi kwa malipo hakuhitaji CPA. Kinachohitajika na serikali kuu ni PTIN, namba ya mwandaaji kutoka idara ya kodi, IRS, ingawa majimbo machache yana masharti yao ya nyongeza. Ukitaka haki ya kumwakilisha mteja mbele ya IRS kama alivyo nayo CPA, kuna cheo cha EA, wakala aliyeandikishwa. Mtihani wake una sehemu tatu, hauulizi digrii wala krediti, na kwa kuwa kinatolewa na serikali kuu kinatambulika majimbo yote. Hakikupi saini ya ukaguzi. Lakini kwa anayetaka ofisi ya kodi Minneapolis au Houston ya kuhudumia madereva wa malori na wenye maduka, EA inaweza kumfikisha huko kwa mwaka mmoja huku mwenzake bado anabishana na mtathmini kuhusu Kidato cha Sita.

Leseni ikishatoka, inadai kulishwa. Majimbo mengi yanataka wastani wa saa 40 za masomo endelevu kwa mwaka. Texas huzihesabu 120 kwa miaka mitatu, zisipungue 20 kwa mwaka wowote, California 80 kwa miaka miwili. Ukimhudumia mteja wa jimbo jingine huku makao yako yakibaki pale pale, kwa kawaida hulazimiki kuomba leseni ya pili. Ukihama kabisa, unaomba ya huko uendako, na majimbo mengi yana kanuni ya kumkubali mwenye uzoefu wa miaka minne ndani ya kumi iliyopita tangu afaulu mtihani, hata kama elimu yake haifanani na masharti yao ya sasa. Ukifungua ofisi ya ukaguzi, ofisi nayo inahitaji kibali chake, kando ya leseni yako wewe.